Kidole Gumba cha Sista

Katika karamu moja ya harusi hapa Isiolo, si zamani sana, nilimsikia mtu mzima mwenye ndevu za hina akiwaeleza vijana kwamba hospitali yetu iliwahi kuwa na sista ambaye akimbonyeza mtoto mguuni, mtoto huyo hamalizi mwezi. Vijana walicheka. Mimi niliweka sahani chini, nikamwambia mbele ya wote kwamba aliyoyasema ni uongo, kwamba mimi nilikuwepo na yeye hakuwepo, na kwamba si adabu kumsingizia mtu asiyeweza tena kujibu.

Akanitazama kwa huruma. "Karani, mambo ya ofisi uliyaacha ofisini. Kula pilau."

Sikula. Niliondoka, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiyapanga haya kichwani ili niyaandike yalivyokuwa, bila kupunguza wala kuongeza.

Sitaeleza sista huyo alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani, kwa kuwa hata yeye hakupenda kuulizwa. Wauguzi wote wa kike waliitwa sista, kisha likafuata jina. Yeye aliitwa Sista tu, na kila mtu, kuanzia Ngaremara hadi Biliqo, alijua ni nani anayetajwa. Kazi yake ilikuwa kuwapima watoto wadogo: uzito wao, urefu wao, unene wa mkono, na mwisho miguu. Mimi nilikuwa karani wa ofisi ya wilaya. Kila alipotoka nje ya mji niliamriwa kufuatana naye, niandike majina ya watoto waliostahili kupewa maziwa ya unga na mafuta. Hivyo, kwa sehemu kubwa ya miaka ya sabini na baadhi ya miaka iliyofuata, kiti changu kilikuwa kando ya mwanamke aliyeogopwa kuliko askari yeyote wa wilaya hii.

Nasema aliogopwa. Sisemi alichukiwa, chuki ilikuja baadaye, na nitaonyesha ilitoka wapi.

Aliogopwa kwanza kwa sababu ya mzani. Ulikuwa mzani wa kuning'inia, wenye uso wa duara na kulabu chini yake, na katika kulabu hiyo mtoto alitundikwa ndani ya suruali ya kitambaa. Sasa, mzani wa namna hiyo hiyo ulikuwa umening'inia katika kila bucha la mjini. Mama aliyetoka malishoni, ambaye mara yake ya mwisho kuuona ilikuwa siku aliponunua nyama, aliambiwa amvue mtoto wake na amkabidhi atundikwe. Nimewaona wanawake walioweza kumkabili fisi kwa fimbo wakiikimbia kulabu ile. Huko Biliqo mmoja alimkumbatia mwanawe akaniuliza mimi, si yeye, "Karani, bei yake mtasema ngapi?" Wenzake walicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha woga. Sista alikitundika kikapu chake mwenyewe kwenye kulabu, akakiacha kibembee, kisha akakishusha. "Mnaona? Kimerudi kizima. Na huyu atarudi mzima. Lete."

Aliogopwa pia kwa sababu ya utepe. Utepe wa kupimia mkono ulikuwa umekatwa kutoka picha kuukuu za eksirei, ukapakwa rangi tatu: kijani kwa mtoto mzima, manjano kwa mtoto wa kuangaliwa, nyekundu kwa mtoto aliye hatarini. Kazi ilikuwa nyepesi na sahihi. Lakini pale rangi ilipobanduka, ukiuinua juani ulionekana ubavu wa mtu. Mama mmoja aliuona ubavu huo, akauliza ni wa nani. Sista, ambaye hakujua kusema uongo hata wa kumfariji mtu, alijibu kwamba hajui. Tulimaliza kazi siku ile tukiwa na watoto nusu ya wale tuliowakuta.

Hayo yote, hata hivyo, yalikuwa madogo mbele ya kidole gumba.

Lazima nieleze jambo hili vizuri, kwa sababu uongo wote ulizaliwa hapa. Mtoto anayekosa chakula cha kumjenga mwili anaweza kukonda, na huyo kila mtu humwona. Lakini anaweza pia kuvimba. Miguu yake hujaa maji, kisha mikono, kisha mashavu, na asiyejua humtazama akasema amenenepa. Mzani nao husema vivyo hivyo. Kinachosema kweli ni kidole: unabonyeza upande wa juu wa mguu, mbele ya kifundo, unashikilia kidogo, unaachilia. Nyama ya mtoto mzima hurudi mara moja. Ya yule aliyevimba hubaki na shimo, kama unga uliokandwa.

Na hapa kwetu shimo hilo lilikuwa na adui wa pekee, nao ni uzi. Watoto wengi wa mji huu, na wa malishoni pia, walifungwa uzi wa shanga juu ya kifundo cha mguu. Bibi ndiye aliyeufunga. Uzi ukibana, bibi aliufungua, akaongeza shanga, akaufunga upya, na wanawake wa nyumba jirani walipiga vigelegele, kwa sababu mtoto amekua. Uzi ukilegea, sauti zilishuka na mtoto akafunikwa wageni wasimwone. Kilikuwa kipimo kizuri, na Sista mwenyewe alikiheshimu. Siku nyingi nilimwona akiingiza kidole chini ya uzi kabla ya kugusa mzani. Lakini mtoto aliyevimba naye uzi wake hubana. Naye hupigiwa vigelegele.

"Uzi haujui nyama na maji," alikuwa akiwaambia. "Hiyo si kazi ya uzi. Hiyo ni kazi yangu."

Muda wa kubonyeza ulimpa taabu mwanzoni, kwa kuwa kubonyeza upesi hakuonyeshi kitu, na mama aliyeachwa kimya huanza kupiga mayowe. Basi akabuni njia. Alibonyeza akasema Bismillahi Rahmani Rahim, polepole, mpaka mwisho, na akina mama wakasema pamoja naye. Neno lilipokwisha, kidole kiliondoka. Yeye hakuwa Mwislamu. Kila Jumapili alikwenda kanisani akiwa amevaa kofia ya sufu hata jua lilipokuwa kali. Nilimwambia kwa heshima kwamba jina la Mwenyezi Mungu si saa ya kupimia.

"Karani," akanijibu, "wewe unaogopa neno. Mimi naogopa mguu. Nikinyamaza hapo katikati, hawa mama watanikimbia wote. Unataka nihesabu moja mbili tatu kama mtu wa mnada?"



Hasira zake zilijulikana, tena hazikuwa na mpangilio. Alidai mtoto avuliwe kila kitu kabla ya kupimwa, viatu, bangili, hata leso, upepo uvume usivume. Lakini hirizi hakuivua kamwe. Nilipouliza, alisema hirizi haina uzito. Nilijua ina uzito, naye alijua ninajua. Aliwakemea akina mama kwa kuwanywesha watoto chai ya rangi yenye sukari badala ya maziwa, na alipofika nyumbani kwangu alitia vijiko vya sukari mpaka mke wangu akaficha bakuli. "Sista, hiyo ndiyo sumu uliyotukataza." "Mimi nimeshakua, mama. Imeshindwa kuniua." Hakuwahi kumbembeleza mtoto. Lakini kila mtoto aliyepona alimkumbuka, si kwa jina bali kwa miguu. Angeweza kumwona kijana akikimbia sokoni, akasema, "Yule. Yule alikuwa na shimo."

Sasa nifike kwa mfanyabiashara wa ng'ombe.

Alikuwa mtu mkubwa mjini, amehiji, na sisi sote tulimwita Haji. Siku moja ya kliniki alikuja mwenyewe na mwanawe mdogo begani, jambo ambalo wanaume hawakulifanya. Hakuja kupimiwa mtoto. Alikuja kumwonyesha. Mashavu yalikuwa mviringo, uzi wa mguuni ulikuwa umefungwa upya juzi, na nywele za mtoto zilikuwa zimegeuka nyekundu na nyepesi, jambo ambalo hakuna aliyelitilia maanani ila Sista.

"Sista," Haji akasema kwa sauti ya kusikika benchi zima, "wewe kila siku unasema watoto wa Isiolo wana njaa. Haya, mwambie huyu ana njaa."

Sista aliinama. Alikamata mguu. Akina mama wakaanza Bismillahi, na nakumbuka sauti zilivyopungua moja baada ya nyingine kabla neno halijakwisha, kwa sababu waliokuwa karibu walikuwa wanaona. Kidole kiliondoka. Shimo lilibaki pale, limetulia, na kivuli ndani yake.

"Mlaze wodini leo," Sista akasema.

"Wodini? Mtoto wangu mimi? Mji huu mzima unakula nyama ya ng'ombe wangu!"

"Mji unakula. Huyu anakula nini?"

Mama wa mtoto alikuwa amesimama nyuma ya mlango, amejifunika. Ndiye aliyejibu. "Chai, Sista. Chai na chapati. Tangu apate surua, nyama anatema, maziwa anatema."

"Nyamaza wewe," Haji akamwambia. Kisha akamgeukia Sista. "Toa mkono wako. Umemharibu. Mguu wake haukuwa na shimo tulipoingia hapa."

Hayo ndiyo maneno yake, na niliyasikia kwa masikio yangu. Sista alimfuata hadi kwenye lango. Alimsihi. Mwanamke yule asiyejua kusihi alimshika Haji kanzu mbele ya watu, akasema, "Nitukane, lakini mwache mtoto." Haji aliivuta kanzu yake akaondoka. Kabla ya mnada uliofuata, mtoto alizikwa. Na katika mnada huo, baina ya ng'ombe na vumbi, Haji aliwaambia watu kwamba Sista alimbonyeza mwanawe mpaka akamtoboa roho.

Mji uliamini. Mji mzima uliokuwa umewaona watoto wao wakirudi nyumbani wazima kutoka mikononi mwake uliamini, na hili ndilo ambalo sijalisamehe. Wanawake waliomwona barabarani walivuka upande wa pili na kuwafunika watoto miguu. Mke wangu mwenyewe, aliyempa chai kwa miaka, alimficha kifungua mimba wetu chumbani aliposikia sauti yake uani. Nilimkaripia. Akaniambia, "Najua si kweli. Lakini kama ni kweli?" Katika swali hilo dogo ndimo tulimokuwa tukiishi wote. Katika ripoti za ofisi, ambazo wakubwa wangu waliziandika wakiwa mbali na mguu wowote wa mtoto, yeye alitajwa kwa maneno "wahudumu wengine", na hakuna aliyesimama barazani kumtetea.

Yeye hakujitetea. Aliendelea kwenda, gari lile lile, barabara ile ile, na watoto wachache zaidi wakimngoja. Lakini niliona kitu ambacho wengine hawakukiona. Njiani kwenda Merti alianza kuukalia mkono wake wa kulia. Aliuweka chini ya paja, kidole kikiwa ndani ya ngumi, mwendo wote. Tulipofika alibonyeza kwa mkono wa kushoto, na mara nyingine alibonyeza kwa upole mno hata mimi karani nilijua haitoshi, naye akarudia, midomo yake ikiwa mikavu.

Nilimuuliza mara moja tu. "Sista, na wewe unaamini?"

"Nimesoma, Karani. Najua maji yanatoka wapi mwilini." Akatazama nje, ambako hapakuwa na kitu ila miiba na mifupa ya ng'ombe. "Lakini mtoto akifa baada ya mimi kumgusa, na mwingine, na mwingine… mkono unasahau kwamba umesoma."

Sikulirudia neno hilo kwa mtu yeyote alipokuwa hai.

Ukame mkubwa wa miaka ya themanini ulipoingia, tulikuwa nje ya mji karibu kila juma. Ng'ombe walikufa kwanza, kisha maziwa yakaisha, kisha watu wakaanza kushuka kuelekea mjini na kukaa kando ya barabara. Wakati huo binti yake Sista, aliyeolewa mbali, alijifungua mtoto mwingine, akamleta mtoto wake wa kwanza hapa akae na bibi yake. Bibi hakuwa nyumbani. Bibi alikuwa Biliqo, alikuwa Ngaremara, alikuwa akiwapima watoto wa watu. Mtoto alibaki na msichana wa kazi, kwa uji wa mahindi na chai. Akapata surua, akapona. Kila Sista aliporudi alimkuta amenenepa kidogo mashavu. Nilimkuta siku moja barazani pake, mtoto mapajani, akiongeza shanga katika uzi wa mguuni. Alikuwa akitabasamu, na alinionyesha uzi bila kusema, kama bibi yeyote wa mji huu.

Sikuona chochote. Wala yeye hakuona, au alichagua kutoona. Sitamhukumu.

Juma lililofuata, Ijumaa, nilikuwa nimetoka msikitini nikasikia hodi. Alikuwa mlangoni na mtoto mgongoni, amefungwa kwa leso mpaka kichwani.

"Karibu, Sista. Leo hatuna safari."

"Si safari. Nimekuletea mguu."

Nilidhani nimesikia vibaya. Alikaa juu ya mkeka, akamfungua mtoto, akamweka mbele yangu. Mtoto hakulia. Hilo ndilo lililonitia hofu kwanza, kwamba hakulia wala hakutazama popote. Ngozi ya miguu ilikuwa inang'aa. Uzi mpya ulikuwa umeanza kubana.

"Bonyeza," akasema.

"Mimi ni karani, Sista."

"Umekaa kando yangu miaka yote hii. Unajua. Bonyeza wewe."

"Kwa nini usibonyeze wewe?"

Alikuwa ameukalia mkono wake wa kulia. Ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa ameupita mlango wa hospitali kuja kwangu, na kwamba amekaa na mguu ule tangu asubuhi, pengine tangu jana, bila kuthubutu kuugusa. Mke wangu alisimama kwenye mlango wa jikoni na mkono mdomoni. Nilikuwa nimewaona watoto wasio na idadi wakibonyezwa. Sasa zamu ilikuwa yangu.

Niliweka kidole juu ya mguu ule mdogo, wa baridi, nikaanza Bismillahi. Mke wangu akaidaka, naye Sista akaimalizia, polepole, mpaka mwisho. Nikaondoa kidole.

Shimo lilibaki.

Tulilitazama sote watatu. Nilimngoja apige mayowe. Nilingoja anitukane, au aniambie kwamba mguu haukuwa na shimo alipoingia humu. Alivuta pumzi ndefu, ambayo nadhani alikuwa ameizuia tangu siku ya Haji.

"Basi si kidole changu," akasema.

Akautoa mkono wa kulia chini ya paja. Akabonyeza mwenyewe mguu wa pili, kwa nguvu, inavyotakiwa, akaangalia, akatikisa kichwa. Alikuwa amerudi kuwa Sista. "Mama, nipe leso nzito, huyu ana baridi. Karani, vaa viatu. Twende."

Wodini hakupita mbele kama mfanyakazi. Alikaa kwenye benchi na wenzake, akina mama waliokuwa wakivuka barabara wakimwona, na mguu wa mjukuu wake ukiwa wazi mbele ya macho yao wote. Muuguzi kijana alipofika na kuuona uzi, alichukua mkasi.

"Uache," Sista akasema. "Haujakata nyama. Nataka kuuona ukilegea."

Nilikwenda kila siku baada ya kazi. Mtoto alipewa maziwa kidogo kidogo, mchana na usiku, na Sista ndiye aliyeshika kikombe. Kwa muda hapakuwa na mabadiliko, na kila nilipoingia nilitazama kwanza kama kitanda kina mtu. Kisha maji yakaanza kumtoka mwilini, mashavu yakashuka. Uso ukachongoka, mbavu zikaonekana, miguu ikawa vijiti. Mgeni angesema mtoto anakwisha, na wageni walisema hivyo kwa minong'ono.

Siku ya mwisho ninayotaka kuiandika nilimkuta amemsimamisha mtoto kitandani kwa kumshika makwapa. Mtoto alipiga teke hewani, kwa hasira ya njaa, mara ya kwanza tangu aletwe. Uzi ukateleza, ukavuka kisigino, ukaanguka sakafuni, shanga zikagonga saruji.

Mama wa kitanda cha pili aliruka kwa woga. Nilimtambua. Alikuwa mke wa Haji, na mtoto mwingine mapajani.

"Sista! Uzi wa mtoto umeanguka!"

"Nimeona, mama," Sista akamjibu, akicheka na machozi yakimtiririka, "nimeona. Sasa leta mguu wa huyo wako."

Mke wa Haji alisita. Kisha akaufunua mguu wa mwanawe, akausogeza, na yeye mwenyewe ndiye aliyeanza Bismillahi.